Aliyeinyamazisha Cherehani

Jumatatu saa sita mchana jengo la mafundi wa kompyuta lilikuwa limefurika watu mpaka ngazini. Kobe alikuwa amekwenda kununua feni moja ndogo ya kompyuta ya maktaba, kazi ya dakika mbili, na sasa alikuwa na dakika arobaini kwenye foleni. Wala hakunung'unika. Ndiyo maana nyumbani kwao walimwita Kobe tangu utotoni: mtu wa taratibu, hana haraka na dunia, na dunia nayo haikuwa na haraka naye, maana alikuwa na miaka thelathini na mitatu na hata mchumba wa kusingiziwa hakuwa naye.

Mbele yake alisimama mwanamke aliyekumbatia kompyuta nzima ya mezani, ameiviringishia shuka kama mtoto mwenye homa. Gauni lake lilikuwa la manjano, kola imedariziwa maua madogo ya buluu na mkono wa mtu anayeijua kazi, na nywele amezifunga juu kwa tepu ya kupimia nguo. Kobe alijikuta anasoma namba kwenye zile nywele: sitini na mbili, sitini na tatu.

"Kompyuta yako nzima, dada," fundi alimwambia yule mwanamke. "Haina ugonjwa."

"Sasa mbona haiongei na cherehani yangu?"

"Mfumo umesasishwa. Toleo jipya haliitambui mashine yako ya zamani. Waulize wenye mfumo."

"Wenye mfumo ni nani?"

"Hauna mwenyewe. Ni programu huria. Watu wanajitolea, kila mtu kwake, wanaandika na kugawa bure."

"Kwa hiyo nimeharibiwa kazi na watu, halafu hakuna mtu."

Fundi akainua mabega, akamwita anayefuata. Na Kobe, bila kukusudia, akacheka.

Mwanamke akageuka. "Kuna cha kuchekesha, kaka?"

"Hapana, bibie. Ni vile ulivyolisema."

"Basi kama una meno ya kuchekea, una mikono pia. Shika huku."

Kobe akashika. Feni ya maktaba ikasahauliwa hapo hapo. Alibeba kompyuta ile mitaa mitatu, jasho linamtiririka, na mwenye nayo anatangulia akimwelekeza: angalia mtaro, angalia baiskeli, usiinamishe. Kama angeambiwa aibebe mpaka mji wa pili, angeuliza tu njia.

Karakana ilikuwa chumba kimoja cha chini kwenye barabara ya maduka ya vitambaa, na kichumba kingine kwa nyuma. Dirishani alikaa shangazi wa yule mwanamke, miwani kwenye ncha ya pua, mkasi mkononi. Katikati ilisimama cherehani ya kudarizi yenye sindano sita, kubwa kama jokofu, ambayo kiwanda kilichoitengeneza kilishafungwa zamani. Na ukutani yalining'inia majoho themanini ya chuo cha wauguzi, kifua cheupe, yakingoja nembo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ni mpita njia," akajibu yule mwanamke, ambaye mtaani walimwita Mdarizi. "Nimemkuta anacheka."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kompyuta ile ilikaa miaka minne bila kuunganishwa na intaneti, kwa amri ya Shangazi, aliyeamini kwamba intaneti ni mlango wa wezi. Juzi Mdarizi aliiunganisha nusu saa tu ili apakue nembo ya chuo. Ikamuuliza kama angependa kusasisha mfumo. "Iliniuliza kwa adabu," alisema, "nikaiambia ndiyo." Toka hapo cherehani ikawa bubu. Mahafali yalikuwa Ijumaa. Nembo zisipokuwa tayari, kazi ya chuo kile ingekwenda kwenye kiwanda kikubwa ng'ambo ya mji, na kazi ikishakwenda kiwandani hairudi kwa mtu mwenye chumba kimoja.

Kobe akaiwasha kompyuta. Kioo kikaleta maandishi meupe kwenye weusi:

*Sehemu ya mashine za zamani imeondolewa katika toleo hili. Hakuna tena anayeitumia. Kobe.*

Akalisoma jina lake mara mbili. Maana mtunza kompyuta huyu wa maktaba, mwaka wa sita sasa, kila akitoka kazini alikaa kuandika programu za ule mfumo wa bure, na kipande chake hasa kilikuwa kile kinachoiwezesha kompyuta kuongea na mashine zilizounganishwa nayo. Miezi minane nyuma aliangalia taarifa ambazo kompyuta za watu hujitumia zenyewe kwa njia ya intaneti. Wanaotumia ile sehemu ya zamani: sifuri. Nayo ilikuwa ikimchosha, maelfu ya mistari ya programu iliyoandikwa na watu waliokwisha kuuacha mradi. Akaifuta, akanywa chai, akalala usingizi mzuri. Haikumpitia hata kidogo kwamba kompyuta isiyoingia intaneti haitumi taarifa.

Mdarizi akainama begani kwake kusoma. Alinukia kitambaa kipya na sabuni. "Unamwona huyo Kobe? Siku nikimtia mkononi nitamdarizi mdomo."

Kobe akajibu akiangalia kioo. "Huenda hakukusudia."

"Amekusudia, hakukusudia, majoho yangu yamelala."

Hapo ndipo alipotakiwa aseme. Wewe msomaji ungesema, na mimi ningesema, lakini sisi hatukuwa tumesimama karibu na ile kola yenye maua. Kobe akafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Naweza kukurudishia toleo la zamani. Nipeni saa mbili."

Akalitoa kwenye ghala la mradi, akaliweka. Saa tisa na nusu sindano sita zikashuka kwa pamoja na cherehani ikaanza kunguruma. Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mdarizi akamshika Kobe mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa maktaba."

"Asante, Bwana Maktaba. Wewe na huyo Kobe, kumbe watu hawafanani."

Nimeona watu wenye bahati zao, lakini kushukuriwa kwa kuzima moto uliouwasha mwenyewe, hiyo nimeiona kwa Kobe peke yake. Akapewa na chai.

Majoho yakaisha Alhamisi. Bwana Maktaba akaendelea kuja, leo kutia mafuta, kesho kuangalia waya, keshokutwa bila sababu yoyote, ameshika matunda. Saa za chakula cha mchana simu haikuwa ikitulia.

"Umekula?" aliuliza Mdarizi.

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Sauti yako."

"Sauti haishibishi, Bwana Maktaba."

"Ya kwako inashibisha. Tatizo njaa yake inarudi upesi."

"Haya, kale. Mwanamume mwembamba hivyo, nikikudarizia shati maua yatagusana mgongoni."

Kobe akikata simu anabaki anatabasamu mbele ya rafu za vitabu, mpaka msomaji mmoja akamuuliza kama anajisikia vizuri. Kila jioni alijiambia kesho nitamwambia. Kesho ikija, Mdarizi anakuwa amevaa lile gauni la zambarau lenye mikono mipana, au anacheka kichwa kikiwa nyuma, na ukweli unarudi tumboni ulikotoka.

Wiki ya tatu mambo yakavurugika. Lile toleo la zamani halikuwa la kukaa nalo. Ulinzi wake ulishakwisha, na hata michoro mipya ilikuwa haifunguki tena. Mdarizi akatafuta ukurasa wa malalamiko wa mradi, akaandika barua. Shangazi alimsomea matusi kwa imla, yeye akayageuza kuwa maswali, na swali la mwisho lilikuwa fupi: *Mkibadilisha kitu chenu na changu kikafa, nani anawajibika?*

Barua ikatua kwa Kobe, maana sehemu ile ilikuwa yake. Alikaa mbele yake saa nzima, kisha vidole vikajikimbilia kwenye lugha ya ofisi: *Ndugu mtumiaji. Tangazo lilitolewa siku mia moja na themanini kabla. Hakuna pingamizi lililopokelewa. Upatanifu ni jukumu la watengenezaji wa mashine husika.*

Kesho yake alasiri Mdarizi akamsomea jibu lile kwa sauti ya puani, neno kwa neno, Kobe akiwa na kikombe mdomoni.

"Ndugu mtumiaji," akarudia. "Mimi ni ndugu mtumiaji. Na hilo tangazo walilitoa wapi?"

"Kwenye barua za mradi," Kobe akajibu bila kufikiri.

"Zinasomwa na nani?"

"Na... watu wa mradi."

"Yaani wamejitangazia wenyewe, wamejinyamazia wenyewe, halafu wanasema hakuna pingamizi."

"Lakini mpenzi, fikiria kidogo. Mtu anajitolea baada ya kazi yake. Ataibeba mashine ya zamani ya kila mtu duniani mpaka lini? Waliotengeneza cherehani je?"

"Walifunga kiwanda. Nikawaulize makufuli?"

"Na wewe uliyesema ndiyo bila kusoma?"

Mkasi wa Shangazi ukasimama. Kobe akatamani kulirudisha neno mdomoni, lakini lilishafika.

"Kumbe kosa ni langu," alisema Mdarizi.

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Unamtetea huyo Kobe kama ndugu yako."

"Ndugu?" akadakia Shangazi. "Kama mama yake mzazi."

Ili kuzima maneno, Kobe akajifanya ana shughuli, akaingiza mikono yote miwili ndani ya cherehani kubwa kukaza kiungo. Simu yake, pale mezani, ikaita.

"Dada yako mkubwa," Mdarizi akasoma. Alikuwa bado amekasirika, lakini wifi ni wifi. "Nimsalimie." Akapokea, akaweka sauti ya wazi.

"Kobe wee," ikasema simu, kwa sauti ya kujaza chumba. "Mama anauliza utamleta lini huyo mchumba wa cherehani. Na usianze habari za mkutano wenu wa mfumo Jumamosi, tumeshazichoka."

Mdarizi akamtazama mtu aliyenasa ndani ya mashine yake, mikono imezama mpaka kiwiko.

"Nani Kobe?" aliuliza taratibu.

"Si huyo mwenye simu?" ikashangaa sauti. "Kwani naongea na nani?"

"Na mchumba wa cherehani," akajibu Mdarizi kwa heshima zote. "Au ndivyo nilivyokuwa." Akakata.

"Nilitaka kukwambia," alisema Kobe.

"Lini?"

"Kila siku."

"Nimekusomea barua yako mwenyewe, na wewe unakunywa chai."

"Najua."

"Kuharibu ningekusamehe. Hata mimi nimeshaunguza nguo za watu kwa pasi. Lakini nilikushukuru, Kobe. Nilikushika mikono nikakushukuru, na ukazipokea shukrani zote, hukubakiza." Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na alichukia kwamba yamejaa. "Toka. Na utoe mikono polepole, usinivunjie sindano."

Kutoka kwa hasira kuna heshima yake. Kutoka huku ukichomoa kidole kimoja kimoja chini ya sindano sita, mwenye nyumba amekusimamia, hakuna. Kobe alitoka hivyo.

Siku tano alipiga simu. Aliyepokea alikuwa Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi. Mwenyewe yupo?"

"Marahaba. Amesema hayupo."

"Yuko karibu?"

"Yuko hapa ananiangalia nikisema hayupo."

"Mwambie nimekosa."

"Anasikia. Amesema nikwambie hajasikia."

Hapo Kobe akaelewa kwamba simu haitamsaidia, na matunda hayatamsaidia. Kitu alichoharibu hadharani kilitaka kutengenezwa hadharani. Akafungua ile barua ya Mdarizi kwenye ukurasa wa mradi, mahali watu wote wanasoma, akalifuta jibu lake la ofisi na kuandika upya: *Ninayewajibika ni mimi. Niliwahesabu waliotuma taarifa, nikadhani wasiotuma hawapo. Sikuuliza, na nilipoulizwa nikajificha. Nitaomba sehemu hii irudishwe. Mkutano ni Jumamosi saa nane, uko wazi kwa kila mtu.*

Jumamosi saa nane wakakutana kwa sauti, watu kumi na mmoja kutoka miji kumi na mmoja, chini ya Mwalimu, mama aliyestaafu kufundisha hisabati, aliyekuwa kiongozi wao na ambaye hakuna aliyewahi kumkatiza. Kobe akaeleza yote. Akaomba.

"Tukibeba kila takataka ya zamani hatutafika popote," alisema mmoja waliyemwita Kipara.

"Kipara, ukibadilisha kitu, kazi ya kujua nani ataumia ni yako, si yake," alisema Mwalimu. "Hilo halina mjadala. Ila Kobe, wewe una cherehani?"

"Sina, Mwalimu."

"Sasa utajuaje kama kila toleo jipya linaiendesha? Siwezi kurudisha kitu ambacho hakuna wa kukijaribu. Nani anajaribu?"

Mtu mmoja alikuwa anatafuna karanga karibu na kipaza sauti. Kobe akafumba macho. Alijua bila mtu wa kujaribu shauri limekwisha, na cherehani ya sindano sita itakwenda kuuzwa kama chuma.

"Mimi," ikasema sauti ya kike.

"Mimi nani?" akauliza Mwalimu.

"Ndugu mtumiaji."

Kobe akakaa wima, kiti kikalia.

"Wiki hii nimezunguka karakana za kudarizi," Mdarizi akaendelea, na nyuma yake ulisikika mkasi wa Shangazi. "Nimepata arobaini na moja zenye mashine kama yangu. Hazijawahi kugusa intaneti. Hao ndio sifuri yenu. Nitajaribu kila toleo kabla hamjaligawa, na wenzangu nitawaambia mwenyewe, kwa mdomo. Sharti ni moja. Kobe aje karakana. Sitaki barua."

"Nitakuja," alisema Kobe. "Nakupenda."

Yule wa karanga akaacha kutafuna.

"Kobe," alisema Mwalimu, "kipaza sauti chako kiko wazi."

"Najua, Mwalimu."

"Na mkutano unarekodiwa."

"Basi ubaki kwenye kumbukumbu."

"Niandike kama azimio?" akauliza Kipara.

"Andika la cherehani tu," akajibu Mdarizi. "Hilo lingine halijajaribiwa."

Kazi ikaanza. Kobe alikuja kila alipotoka maktaba, Jumamosi kutwa nzima, na Mdarizi alimpokea kama anavyopokelewa msoma mita. Salamu, kiti, kazi. "Sindano ya tatu inachelewa." "Nimeiona." "Rangi ya pili imerukwa." "Nimeandika." Chai hakupewa. Shangazi aliwatazama juu ya miwani, akitikisa kichwa, na mara mbili akatoka bila kuaga akidai amesahau vifungo. Kobe hakulalamika. Lakini usiku kitandani alijiuliza kama amerudishiwa cherehani tu, mwenye cherehani keshaondoka.

Jumamosi ya tatu, kila kitu kilipokuwa karibu kukamilika, mashine ikagoma. Jana yake ilidarizi ua zima bila kasoro. Leo, saa tatu asubuhi, imekufa ganzi. Kobe akapitia mistari yake yote. Akaipitia tena kutoka chini kwenda juu. Saa nne, saa tano. Shati likamgandia mgongoni. "Nimekosea mahali," alikuwa akisema peke yake. "Ni mimi. Nitapaona tu." Mdarizi alikaa kwenye kigoda, gauni lile la zambarau, anapinda ukingo wa kitambaa ambao, angeutazama vizuri, angeona ameupinda mara tatu. Saa sita akamletea chai, kwa mara ya kwanza tangu arudi, nusu yake imemwagikia sahani.

Saa saba Kobe akasema, "Labda nifute yote nianze upya."

"Kobe, acha."

"Kidogo tu."

"Acha, nimekwambia. Si wewe." Akaweka kitambaa chini. "Ni mimi. Kebo ya cherehani niliondoka nayo jana usiku, nikaisahau nyumbani. Nikachomeka ya kuchajia simu. Zinafanana."

Kobe akainama nyuma ya mashine. Kweli, ile kebo ilikuwa ya chaji, ya kupitisha umeme peke yake. Kupitia hiyo kompyuta isingeweza kuiambia cherehani hata shikamoo.

"Umejua lini?"

"Saa tatu na dakika tano."

"Saa nne zote hizi?"

"Nilisema nitakwambia ukiinua kichwa. Ukainua. Nikasema ukimaliza kunywa chai. Ukamaliza." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilikuona unajilaumu, nikaona kadiri ninavyochelewa ndivyo linavyozidi kuwa kubwa. Saa nne tu, Kobe. Wewe ulikaa nalo wiki tatu. Ulikuwa unalalaje?"

"Sikuwa nalala."

Wakatazamana. Kisha kicheko kikampanda Mdarizi kutoka huko kilikokuwa kimefungiwa, kichwa kikaenda nyuma, na Kobe naye akacheka mpaka akakaa sakafuni, mgongo kwenye mashine iliyomtesa bure. Mdarizi akaja akakaa karibu yake, bega kwa bega, na hakuondoka.

"Nisamehe," alisema Kobe.

"Nilishakusamehe. Nilikuwa sijui namna ya kukwambia."

"Basi na mimi nina jambo, na leo sitaki lilale. Nataka nikuoe."

Mdarizi akatazama vidole vyake vilivyojaa alama za sindano. "Nioe," alisema. "Lakini ujue nakuja na mashine yangu. Siiachi."

"Ije. Na Shangazi je?"

Hawakupata nafasi ya kulijadili. Kutoka kichumba cha nyuma, ambako kwa muda wote ule hapakusikika hata mkasi, Shangazi akajibu mwenyewe:

"Na mimi nakuja."